Gitaa Katika Mashindano ya Granada

Usiku wa tarehe 13 na wa tarehe 14 Juni, mwaka 1922, watu wa Granada katika Hispania walikusanyika katika uwanja mmoja wa Alhambra kusikiliza mashindano ya uimbaji uitwao cante jondo, yaani uimbaji wa kina. Waliouanzisha mkutano huo walikuwa watu wenye majina. Mbele yao alikuwako Manuel de Falla, mtunzi wa muziki; pamoja naye Federico García Lorca, mshairi kijana wa miaka 24, ambaye mwezi wa Februari alikuwa ametoa mhadhara juu ya uimbaji huo; na Andrés Segovia, mpigaji gitaa, aliwaunga mkono. Hofu yao ilikuwa moja, kwamba uimbaji wa kale wa Andalusia ulikuwa ukiharibika midomoni mwa watu walioimba kwa ujira katika mikahawa na majukwaa.

Kwa hofu hiyo wakatunga kanuni. Mwimbaji wa kulipwa aliyepita umri wa miaka 21 hakuruhusiwa kushindana. Dawa ilidhaniwa kuwa iko mashambani, kwa watu wasiopata kuuza sauti zao. Zawadi zilizokumbukwa kuliko nyingine zilikwenda kwa mzee Diego Bermúdez, aliyeitwa El Tenazas, ambaye husimuliwa kwamba alikuja kwa miguu kutoka Puente Genil, na kwa mtoto aliyejulikana baadaye kwa jina la Manolo Caracol, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 13. Habari ya mzee na mtoto ni tamu, na wasimulizi wameipenda hata wakasahau kuuliza ni nani waliokaa kando ya waimbaji na magitaa mapajani.

Miongoni mwao alikuwa Ramón Montoya. Mtu huyu alikuwa amepita umri wa miaka 40, na chakula chake alikipata kwa gitaa tangu ujana, katika mikahawa ile ile ya Madrid iliyolaumiwa. Tena hakuwa mlinzi wa mambo ya kale. Alichukua ufundi wa vidole wa wapigaji wa muziki wa kitaalamu, namna yao ya kutawanya sauti za nyuzi na ya kuutetemesha uzi mmoja, akautia katika upigaji wa Wajipsi, ambao hapo kwanza ulitegemea zaidi kidole gumba. Kanuni iliyomfungia nje mwimbaji wa kulipwa haikumfungia nje mpigaji wa kulipwa. Mwenyekiti wa waamuzi naye alikuwa Antonio Chacón, mwimbaji wa kulipwa mwenye sifa kuu kuliko wote wa zama zake, ambaye Montoya alikuwa amempigia kwa miaka mingi.

Jambo hili si kosa dogo la uandalizi. Katika soleá, kwa mfano, mpigaji hulinda mzunguko wa mapigo 12, ambao uzito wake huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Hubana nyuzi kwa kibano ili sauti ya gitaa ilingane na koo la mwimbaji. Hutangulia, humngoja, na kati ya ubeti na ubeti hujaza kimya kwa kipande chake mwenyewe. Mzee atokaye kijijini hawezi kusindikizwa na mtu asiyeyajua hayo kwa mazoea ya kila usiku, na mazoea ya kila usiku huyapata yule anayelipwa. Ni kweli kwamba zilikuwako nyimbo zisizohitaji gitaa, nazo zilipewa fungu lao. Lakini kwa zile nyingine, usafi uliotafutwa uliegemea ustadi wa soko.

Falla aliogopa ujira. Lililostahili kuogopwa ni uvivu wa mikono na masikio, na huo huwapata wanaolipwa na wasiolipwa. Caracol mwenyewe alipokua akawa mtu wa jukwaa, na katika miaka ya 1940 alijaza kumbi pamoja na Lola Flores. Montoya, mwaka 1936, aliingia studio mjini Paris akarekodi gitaa peke yake, bila mwimbaji, na sahani hizo zikawa chuo kwa wapigaji waliofuata.

Mji wa Córdoba ulipoanzisha mashindano yake mwaka 1956, mshindi alikuwa Fosforito, naye, kwa bahati, mtu wa Puente Genil. Baadaye gitaa lilipata zawadi yake huko, na zawadi ya upigaji wa peke yake ikaitwa kwa jina la Ramón Montoya. Vicente Amigo aliipokea mwaka 1989. Katika mji huo huo, mwaka 1981, Paco Peña alikuwa amekwisha kuanzisha tamasha la gitaa lililounganisha maonyesho na mafunzo, ambapo wanafunzi walijifunza mchana kwa mabingwa wa kulipwa, na jioni wakaenda kuwasikiliza.