Mchezo Mmoja, Wachezaji Wasiofanana: Funzo la Mashindano ya Ngoma Usukumani

Anayekusanya watu kucheza mchezo wa kuigiza mezani, ule wa dadu, karatasi na mwongozaji anayesimulia, hukutana mapema na tatizo la ladha. Mmoja amekuja kupigana. Mwingine anataka kuzungumza kwa sauti ya mhusika wake mpaka usiku wa manane, wa tatu anapiga hesabu za silaha na mizigo, na wa nne yupo kwa sababu rafiki zake wapo. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, waandishi wa michezo hii wamelijadili jambo hilo mara nyingi. Glenn Blacow aliwagawa wachezaji katika mielekeo minne mwaka 1980, na mwaka 2002 Robin Laws akaandika kitabu kizima cha kumsaidia mwongozaji kuzitambua hulka za watu wake. Ushauri unaotoka humo kwa kawaida ni huu: wajue wachezaji wako, kisha watafutie mchezo unaowafaa. Kwa maoni yangu ushauri huo una kasoro ya msingi. Unamfaa mtu wa jiji lenye wachezaji tele, anayeweza kuwachagua. Katika mji kama Katoro au Kahama, aliyewapata watu watano walio tayari kukaa pamoja jioni hana wa kumwacha, na watano hao hawatafanana. Kinachotakiwa hapo ni mchezo unaozibeba tofauti zao, na namna ya kuutengeneza iko karibu kuliko tunavyodhani, kwenye viwanja vya ngoma vya Wasukuma.

Masimulizi ya Usukumani yanawataja mafundi wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kuonyesha dawa ya nani ina nguvu zaidi ya kuvuta watu. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na ushindani wa pande hizo mbili umeendelea katika nchi yote ya Wasukuma, Shinyanga, Geita, Mwanza na Simiyu. Msimu wake ni baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, mtama na mahindi vikiwa ghalani. Vikundi viwili hupewa viwanja vilivyo jirani, vinaanza kucheza kwa wakati mmoja, na watazamaji wako huru kuhama kutoka huku kwenda kule. Anayeshinda ni yule mwenye umati mkubwa. Kanuni hiyo haisemi lolote kuhusu namna ya kucheza, na ndiyo maana waliokutana chini yake wanatofautiana mno. Bayeye hucheza na nyoka, chatu akiwa mabegani mwa mchezaji, na wao ndio wenye ujuzi wa dawa za kuumwa na nyoka. Banunguli walitokana na wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba, na ngoma yao inabeba uwindaji huo. Bugobogobo ilizaliwa katika kilimo cha pamoja: mchezaji anarusha jembe juu, linazunguka hewani, analidaka kwa mpini na mguu unatua palepale ngoma inapodunda.

Siri iko kwenye kipimo. Tungepima ustadi wa midundo, mcheza nyoka angeshindwa kabla hajafungua kikapu chake. Tungepima uthubutu, mtunzi hodari wa nyimbo asingekuwa na nafasi. Umati haupimi ustadi wowote mahususi. Unapima kama umewashika watu au hukuwashika, basi, na njia ya kuwashika inabaki kuwa yako. Linganisha na mashindano ya jukwaani yenye majaji, fomu za alama na dakika zilizohesabiwa. Mara alama zikitengwa kwa ajili ya mavazi, mpangilio wa mistari na ujumbe, kila kikundi kitajifunza mavazi, mistari na ujumbe, na baada ya misimu michache ngoma zitaanza kufanana. Kwenye meza mambo huenda vivyo hivyo. Mwongozaji anayetoa tuzo kwa maadui waliouawa tu amekwisha kuchagua mchezaji wake mmoja kati ya watano, hata kama hakukusudia.

Kuna pingamizi la haki hapa. Umati hupenda vioja, na kama kipimo ni macho ya watu, chatu atamshinda mwimbaji kila siku. Lingekuwa kweli kama shindano lingekuwa la dakika chache. Lakini ngoma hizi huchezwa kwa saa nyingi, na mshangao una kikomo: nyoka uliyemwona asubuhi si yule yule saa tisa alasiri. Wimbo unaomtaja jirani yako, unaomchokoza mpinzani wa uwanja wa pili, unaweza kumrudisha mtu aliyekwisha kuondoka, na ndiyo sababu ningi, yaani manju wa kikundi, ana heshima kubwa. Vikundi navyo vilijifunza kupanga muda. Vipo vinyago vikubwa vya mbao, vingine vyenye mikono inayochezeshwa, vilivyotolewa uwanjani ili kuwashtua watazamaji na kuwavuta upya. Kwa hiyo si kweli kwamba kanuni hii inakipendelea kioja. Inampa kila mtindo saa yake, mradi mchezo uwe mrefu wa kutosha. Mwongozaji wa mezani anayelalamika kwamba mpiganaji amemeza kikao chote aangalie kwanza kama kikao hicho kilikuwa na saa ya mtu mwingine yeyote.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sehemu yake naikubali. Bagika na Bagalu ni pande mbili zinazoshindana, ilhali wachezaji wa mezani wako upande mmoja, ndani ya kisa kimoja, bila umati wa kuwahukumu. Kanuni ya uwanjani haiwezi kuhamishwa ilivyo. Kinachohamishika ni muundo wake: lengo moja linaloonekana na wote, njia zikiachwa wazi. Chukua kisa kinachojulikana vizuri Shinyanga, cha sungusungu waliochipuka huko na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe. Mwano, yaani yowe la hatari, umepigwa usiku, kundi limechukuliwa, lengo ni ng'ombe warudi zizini kabla jua halijatua kesho. Anayependa mapambano ana wezi wenye mishale mbele yake. Anayependa kuzungumza ana mzee wa kijiji cha jirani anayejua zaidi ya anayosema. Wa hesabu anafuata nyayo na kukadiria mwendo wa ng'ombe wenye ndama. Aliyekuja kwa ajili ya rafiki zake anaweza kubeba filimbi na kuamua lini ilie. Hakuna hata mmoja aliyelazimishwa kucheza mchezo wa mwenzake, na wote wanahitajiana, kwa sababu nyayo zisizosomwa hazimfikishi mpiganaji popote. Kisa hicho hicho kikiandikwa hivi, kwamba wezi wako kilimani nendeni mkapigane, kimemfaa mmoja na kuwageuza wengine wote kuwa watazamaji.

Hili halimaanishi kwamba uchaguzi wa mchezo hauna maana. Michezo mingine ina kanuni nene za mapigano na mistari michache tu ya mazungumzo, na hiyo itakuvuta upande mmoja hata ukijitahidi. Lakini kosa ninaloliona kubwa zaidi ni la kutafuta mchezo wa wastani, usiomuudhi yeyote. Bayeye hawakuambiwa wapunguze nyoka ili wachezaji wa Bugobogobo wasione wivu, wala majembe hayakushushwa. Anayeandaa kikao chake cha kwanza, iwe Geita mjini, Kakola au Shinyanga, aanze kwa kuandika lengo kwa sentensi moja, kisha ajiulize kama linafikika kwa njia tatu zisizofanana. Kama njia ni moja tu, abadilishe lengo kabla ya kumwita mtu yeyote mezani.