Victoria, na Wale Wasiopewa Maneno

Kwanza niseme ukweli, tamthilia hii niliipenda. Wale waliokuwa wakija kwangu jioni, sola ikiwa bado ina nguvu, ni mashahidi. Tuliiangalia kwenye laptop yenye kioo kilichopasuka pembeni, misimu yote mitatu, na mimi ndiye niliyekuwa natafsiri. Filamu za ngumi zina watu wake: Lufufu alizitia Kiswahili Tanzania, DJ Afro Kenya. Lakini mambo ya malkia na magauni, nani ajisumbue? Basi kazi ikaniangukia mimi. Kwa hiyo huu ni uhakiki wa mtafsiri. Najua kila mtu mle ndani alipewa maneno mangapi, maana niliyasema yote mpaka koo likakauka.

Kwa wasioiona: inaitwa Victoria, ilirushwa na ITV ya Uingereza kuanzia 2016, mwandishi wake ni Daisy Goodwin, na malkia anaigizwa na Jenna Coleman. Inaanza 1837, msichana wa miaka 18 anaamshwa asubuhi kuambiwa kwamba sasa nchi ni yake. Inaishia 1851. Katikati kuna mapenzi, watoto, mawaziri, na watumishi wa chini ambao, kwa maoni yangu, wana hadithi nzuri kuliko bosi wao. Msimu wa kwanza wote umejaa macho ya malkia kwa waziri mkuu wake, Lord Melbourne. Rufus Sewell kamfanya kijana wa kutamanika. Melbourne wa kweli alikuwa na miaka 58 mwaka ule, babu wa mtu. Mama mmoja jirani yangu alipoambiwa hivyo alikataa kabisa, akasema nisimharibie picha.

Kuna kitu kingine kilichotuamsha mapema. Victoria ana mjomba, mfalme wa Wabelgiji, anayekuja kasrini kupanga ndoa ya malkia na Albert. Mjomba anavaa vizuri, anaongea kwa ujanja, anachekesha kidogo. Jina lake Leopold. Mzee mmoja wa Fizi alikuwa amesinzia ukutani. Jina lilipotajwa akafungua macho.

— Huyu njo ule mwenye alikata watu mikono?

Hapana, papa, nikamjibu, huyu ni baba yake. Leopold wa Kwanza. Yule aliyejipa Kongo nzima kuwa mali yake binafsi, kuanzia 1885 mpaka 1908, ni mtoto wake, Leopold wa Pili, binamu wa Albert na Victoria wote wawili. Mzee akanyamaza, lakini toka siku ile hakusinzia tena. Kila Leopold akitokea anajivuta mbele. Kwa Waingereza waliotengeneza, mjomba ni kichekesho cha familia. Kwetu yeye ndiye mlango ambao msiba wetu uliingilia. Simlaumu Goodwin kwa hilo, hakutuandikia sisi. Ila msomaji wa hapa aangalie akijua yuko kwenye nyumba ya nani.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Iko msimu wa pili, kipindi cha sita, na inahusu njaa ya Ireland.

Habari yenyewe wengi hatukufundishwa shuleni, kwa hiyo naieleza. Ireland wakati ule ilitawaliwa na London. Maskini wake waliishi kwa viazi mviringo, karibu chakula chao chote. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu, viazi vikaoza ardhini, na mwaka uliofuata vikaoza vibaya zaidi. Mpaka 1852 watu kama milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine zaidi ya milioni wamekimbia nchi. Na huku watu wanakufa, nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza, kwa sababu ni mali ya wenye mashamba na soko ni soko.

Tamthilia inaipitisha njaa hii mikononi mwa mtu mmoja, Dr. Robert Traill, kasisi wa Kianglikana wa Schull, kusini-magharibi mwa Ireland. Traill ni mtu wa kweli, na ni babu wa mbali wa mwandishi mwenyewe. Anaandika gazetini kwamba watu wanakufa, malkia anasoma, anamwita kasrini, anamsikiliza, machozi yanamtoka. Halafu anakwenda kumbana waziri mkuu Peel. Kasisi anarudi kwake, anawalisha watu kadiri awezavyo, na mwisho anakufa. Traill wa kweli alikufa 1847 kwa homa iliyofuata njaa, aliyoipata kwa kuwahudumia wenye njaa. Nilipokuwa nasoma habari zake nikagundua kwamba kabla ya njaa alikuwa mkali sana kwa Wakatoliki, mtu wa kuwashambulia hadharani. Tamthilia imempunguzia ukali huo. Na ni hasara, maana mtu aliyewadharau jirani zake miaka na miaka, kisha akafa kwa ajili yao, angenishangaza kuliko mtakatifu.

Tukiwa katikati ya kipindi hicho, yule mama jirani akaniuliza: na wao wenyewe wanasema nini?

Wao nani?

Hao wenye njaa.

Nikatazama kioo. Walikuwepo, wengi tu, wamejifunga matambara, nyuso zimepakwa majivu, wamesimama mlangoni kwa kasisi. Nikasubiri wafungue midomo nitafsiri. Malkia alikuwa na maneno, waziri ana maneno, kasisi ana maneno mazuri sana. Wao maneno yao ya kuhesabika. Nikamwambia mama, hawasemi kitu, wamesimama tu. Akasema, haya.

Sijui nielezeje jinsi hiyo "haya" ilivyonikaa. Wote mliowahi kupigwa picha mkiwa kwenye foleni mnaijua.

Na msiniambie kwamba kumbukumbu hazipo. Februari 1847 mchoraji James Mahony alitumwa na gazeti la London kwenda Schull hiyohiyo. Alichora kibanda: mtu anakufa kwenye majani, na kasisi aliyekaa kando yake ni huyuhuyu Traill. Chini ya mchoro mwenye kibanda ametajwa: Mullins. Gazeti la 1847 lilikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwenye njaa. Tamthilia ya 2017, yenye kamera na fedha zote zile, imemchukua kasisi ikamwacha Mullins.

Kuna na hili, ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki, hasa nyinyi mnaokaa dirisha la mgao. Mtaipenda sehemu hii, najua. Inampenda mgawaji. Inamwonyesha amechoka, anapigana na wakubwa wake, anatoa cha kwake. Hata mimi ilinigusa. Lakini haionyeshi mgao wenyewe ulivyoendeshwa, na hapo ndipo penye hadithi. Serikali ilianza kwa kuwapa wenye njaa kazi ya kuvunja mawe ya barabara, ujira wake haununui chakula cha familia. Halafu 1847 ikafungua majiko ya supu, na Julai mwaka huo yalikuwa yanalisha watu kama milioni 3 kwa siku. Milioni 3! Ilionekana kumbe inawezekana. Vuli ilipofika majiko yakafungwa, mzigo ukatupiwa matajiri wa Ireland wenyewe, na watu wakaendelea kufa miaka mingine. Hakuna malkia wa kulia kwenye hadithi hiyo. Kuna watu ofisini wanaoandika kwamba msaada ukizidi utawafanya watu wavivu.

Machozi ya Victoria pia yametiwa chumvi. Alitoa pauni 2,000, ambazo kwa mtu mmoja si haba. Baadaye Waayalandi wakabaki wanasimuliana kwamba alitoa pauni 5 tu. Si kweli, lakini naelewa kwa nini ilisimuliwa. Ukiwa chini, pauni 5 na pauni 2,000 za malkia zinafika kwako zikiwa sawasawa.

Msimu wa tatu unamleta Lord Palmerston, waziri wa mambo ya nje. Mtanashati, mchokozi, wanawake wanamtolea macho, na pale kwangu vijana walimpenda mara moja. Basi niwaambie vijana. Palmerston alikuwa na ardhi kubwa Sligo, Ireland. Mwaka 1847, njaa ikiwa kali, yeye na mawakala wake waliwapakia wapangaji wake kama 2,000 kwenye meli za kwenda Kanada ili ardhi ibaki wazi. Wengine walifika karibu uchi, baridi imeanza, na watu wa huko wakapiga kelele kwa hasira. Sisi tunaopanga foleni ya kuhamishiwa nchi ya tatu tusifikiri hao walijaza fomu.

Lakini msimu huohuo ndio wenye kipindi bora kwetu. Ni 1848, Paris imewaka, na mfalme Louis Philippe wa Ufaransa anafika kwa Victoria akiwa hana nchi. Yaani mfalme mkimbizi! Kwenye historia alivuka bahari amenyoa ndevu za mashavuni, amevaa miwani, na jina lake njiani ni Bwana Smith. Sisi tunajua jina la njiani ni nini. Tamthilia hapa inafanya kazi nzuri kweli. Mfalme anaongea. Anaonyeshwa aibu yake ya kuwa mgeni asiye na tarehe ya kuondoka, na wenyeji wanaobishana kama kumpokea kutawaletea matatizo. Nilitafsiri sana jioni ile, na hakuna aliyelala.

Ndiyo inayoniuma. Kumbe wanajua! Wanajua kabisa mkimbizi anahisi nini, na wanajua kumwandikia maneno. Ila walisubiri awe mfalme. Kwa kweli huyu alipewa nyumba ya Claremont, nje ya London, nyumba iliyokuwa mikononi mwa Leopold, mkwe wake, na alifia humo 1850. Ndiyo, mkwe: Leopold wa Kwanza alimwoa binti wa Louis Philippe. Kwa hiyo mkimbizi huyo tuliyemhurumia jioni nzima ni babu mzaa mama wa Leopold wa Pili, ambaye 1848 alikuwa mtoto wa miaka 12. Nilipomwambia mzee wa Fizi alicheka mpaka akakohoa. Akasema bado anamhurumia, ila kidogo.

Hata Victoria mwenyewe alikimbia mwaka ule. Wafanyakazi waliodai kura walipopanga kukusanyika London tarehe 10 Aprili, familia ya malkia iliondoka siku mbili kabla kwenda kisiwani Wight, na kichanga cha wiki tatu.

Msimu wa tatu unaishia kwenye maonyesho makubwa ya 1851, Albert kaanguka sakafuni, na wa nne haukutengenezwa. Tulipomaliza nikawauliza turudie kipi. Vijana wakataka Palmerston. Mzee akataka Leopold. Yule mama akataka Cleary, mtumishi wa malkia, msichana wa Ireland ambaye ndugu zake wako kulekule kwenye njaa na mshahara wake unakwenda nyumbani. Ni sehemu fupi. Tukairudisha nyuma, nikaitafsiri mara mbili, mara ya pili polepole, mpaka sola ikazima.