Mkweme na Mti Wake

Tunda la mkweme halihitaji mkwezi wala kiopoo. Likishaiva huko juu hupasuka lenyewe, na mbegu zikaanza kudondoka moja moja chini ya mti uliolibeba. Mwenye shamba huziokota asubuhi kwenye majani makavu: bapa, za duara, upana wake sentimita tatu na ushei, kila moja imevikwa wavu wa nyuzi ngumu. Hizo ndizo kweme.

Mmea unaozaa mbegu hizo ni wa hapa hapa. Asili yake ni Tanzania na kaskazini ya Msumbiji, na ni wa ukoo mmoja na maboga, matango na matikiti. Lakini boga hutambaa msimu mmoja likafa. Mkweme huishi miaka mingi, shina lake likawa gumu kama la mti, na ukipata wa kuuegemea hupanda hadi mita 30. Tunda lake la kijani lenye matuta laweza kufika kilo 15 na kubeba mbegu zaidi ya 100. Maua yake ni ya waridi iliyoingia zambarau, na kingo za petali zimechanikachanika kama matamvua ya kanga.

Wataalamu wa mimea wa Ulaya waliufahamu katika karne ya 19, ulipofikishwa Mauritius kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1827 William Jackson Hooker aliuita Telfairia, kwa heshima ya Charles Telfair, mzaliwa wa Belfast aliyekuwa akiishi kisiwani humo na kupenda sana bustani. Watu wa pwani na wa milimani walikwisha kuwa na jina lao na kazi zake.

Anayetaka kuona mkweme mahali unapoelewana na majirani zake aende kwenye vihamba vya Wachagga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kihamba ni bustani ya ghorofa. Juu kabisa ipo miti mirefu kama mruka, chini yake migomba, kisha kahawa, kisha magimbi na mboga. Andreas Hemp, aliyechunguza mimea ya mlima huo kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2006 hesabu ya zaidi ya spishi 500 za mimea ndani ya vihamba, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Zilijiotea zikaachwa. Katika kuachwa huko, kuzumburu hupata kichaka cha kupenya na mkia wake mrefu, chozi hupata maua ya kufyonza, nyuki hupata mti wa kutundikiwa mzinga, na kinyonga hupata kijiti cha kupitia polepole. Mmea mkubwa unaotambaa huongeza ghorofa nyingine: pazia la majani linalounganisha mti na mti, lenye kivuli cha kujificha na njia ya kupita bila kugusa ardhi.

Ufundi wa kulea mkweme huanza kabla ya mbegu, na huanza na mti. Mti mchanga hauwezi kazi hiyo. Mzigo wa shina, majani na matunda ya kilo nyingi huvunja matawi, na pazia likizidi unene hunyima mti jua mpaka ukafa. Kwa hiyo mkulima mzoefu huchagua mti uliokomaa, wenye mizizi mirefu na matawi mapana, ambao hautahitajika kwa mbao karibuni. Kila mwaka hutazama juu, akapunguza panapozidi.

Mbegu hupandwa ikiwa mbichi, kwani ina mafuta mengi na uhai wake haukai. Mche ukishafika urefu wa goti, inafaa kuinama na kuutazama. Ukono wake mwembamba hunyooka hewani ukitafuta. Ukigusa kijiti hujizungusha, na sehemu iliyobaki hujisokota kama springi, nusu kuelekea upande huu na nusu upande wa pili. Upepo ukivuma springi hunyumbuka, mmea usikatike. Hakuna kamba ya mtu inayoufunga mche vizuri hivyo.

Kisha linakuja jambo linalodai subira. Mkweme una dume na jike, kila mmoja kwenye shina lake, na hakuna anayeweza kuwatofautisha mpaka watoe maua. Dume hutoa maua kwa vishada na halizai kitu. Anayehesabu mavuno peke yake huona dume linakula bure, akachukua panga. Msimu unaofuata majike yanachanua na kupukutisha bila tunda, maana hakuna chavua ya kupelekewa. Ndiyo sababu hupandwa mbegu kadhaa, na ndiyo sababu dume linastahili kuheshimiwa: huyo mmoja huyahudumia majike mengi, na kwa nyuki maua yake ni chakula.

Kweme nazo zina kazi yake. Huloweshwa na kuoshwa ili uchungu wa ganda utoke, zikaanikwa. Kuimenya moja ni shughuli: kisu huingizwa ukingoni, wavu wa nyuzi ukakatwa, ganda gumu likapasuliwa, ndipo kinatokea kiini cheupe chenye ngozi nyembamba ya kijani. Ladha yake inakaribia lozi, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Kilimanjaro, kwa vizazi vingi, kweme zimekuwa chakula cha mzazi: mama aliyejifungua hupewa zikiwa zimetwangwa na kutiwa kwenye uji, apate nguvu na maziwa.

Siku hizi bustani nyingi za mjini hupambwa kwa mimea ya kutambaa iliyotoka mbali, hasa bogenivilia ya Amerika Kusini, na kichaka chochote kikubwa huonekana ni uchafu wa kufyekwa. Mkweme unaofyekwa pamoja na mti wake ni hasara ya mama mzazi, ya nyuki na ya kuzumburu kwa mpigo mmoja.

Basi mwenye mti mkubwa uani, iwe Moshi, Lushoto au Tanga, asiukate. Atafute kweme mbichi nne au tano kwa jirani anayezilima, azipande pembeni ya shina masika yakianza, na maua ya kwanza yakitoka na kuonyesha nani dume, amwache.