Ufundi wa Kuhesabu Waumini

Watu hudhani kuhesabu waumini ni kazi ya karani asiye na la kufanya. Mimi naiita ufundi, na Machakos ni mahali pazuri pa kuupimia. Kampuni ya Waingereza iliweka boma lake hapa mwaka 1889, miaka 10 kabla reli haijafika Nairobi. Wamisionari wa Africa Inland Mission wakaingia Ukambani mwaka 1895 wakiongozwa na Peter Cameron Scott, wakaanzia Nzaui. Wakatoliki nao wakaja, kila upande na madaftari yake.

Tazama daftari la ubatizo la parokia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimtaka paroko atunze vitabu vitano: vya ubatizo, kipaimara, ndoa, hali ya waumini na vifo. Uhondo uko pambizoni. Jina la mtoto likishaandikwa, pambizo huachiwa nafasi. Baadaye huongezwa kipaimara, kisha ndoa, kwa wino mwingine na mwandiko wa padri mwingine. Fundi hajumlishi majina akaondoka. Huzikagua pambizo zilizobaki tupu, akauliza wenyewe walikwenda wapi.

Wengi walikwenda Nairobi, au katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), lililoandikisha Wakamba kwa wingi. Ukihesabu vichwa Jumapili moja utaandika kwamba wanaume wa Ukambani hawana haja na kanisa, kumbe wako kambini. Na ole wako ukihesabu wakati mvua za Novemba zikianza, watu wakiwa shambani! Kwa Africa Inland Mission kuna mtego mwingine: aliyekunywa pombe, aliyecheza ngoma au kuoa mke wa pili alizuiwa Meza ya Bwana, lakini hakuna aliyemkataza kuja kusikiliza mahubiri. Hivyo washiriki waliweza kupungua na mabenchi yakabaki yamejaa.

Huko Ufaransa, Gabriel Le Bras alihimiza hesabu za namna hii kuanzia mwaka 1931, akiwatenga waendao misa kila Jumapili na wale wanaoonekana kwenye ubatizo, ndoa na mazishi tu. Kwetu, David Barrett na wenzake walitoa mwaka 1973 kitabu kizima kuhusu makanisa ya Kenya, kilichochapishwa Kisumu. Kazi kubwa, sikatai. Ila sifa zangu za kwanza nampa katekista yeyote wa kijijini ambaye, badala ya kufuta jina, aliandika kando yake “amehamia Nairobi.” Pasipo maneno hayo mawili, aliyehama na aliyeasi wangewekwa safu moja.