Usukani Usio wa Kinga Yake: Namna ya Kuitambua Kazi Safi

Ukitaka kumpima fundi wa kinga, yaani baiskeli, wa mtaa wa Kilibula mjini Uvira, achana na rangi mpya na kengele inayong'aa. Inama utazame pale usukani unapokutana na shingo yake, kile chuma kinachoushika na kushuka ndani ya fremu. Kinga nyingi za Uvira zimeungwa kwa vipande vya huku na huku: fremu ya Phoenix ya Shanghai au Hero ya Ludhiana, usukani wa kinga ya mtumba iliyovuka ziwa kutoka Kigoma na kushushwa Kalundu, na shingo iliyookotwa kwenye ndoo ya vyuma chakavu vya fundi. Kuchanganya hakuna ubaya wowote. Bila kuchanganya, nusu ya kinga hizi zingekuwa zimelala uani. Ubaya uko kwenye kulazimisha. Bolti imewekwa ishike vitu vinavyolingana, na fundi anayeitegemea ilinganishe visivyolingana anampa mteja wake jeraha la kesho.

Mchanganyiko huu una chanzo chake. Kinga nzito za India na China zilifuata umbo la Raleigh ya Nottingham: breki za vyuma virefu badala ya nyaya, na usukani uliounganishwa moja kwa moja na shingo yake kwa kuchomelewa. Usukani huo ukipinda, huwezi kuubadilisha ukaiacha shingo yake, na vile vyuma vya breki navyo huchoka. Mwenye kinga anaamua kuhamia breki za nyaya, ananunua usukani mpana wa kinga ya milimani, kisha anatafutiwa shingo ya kuushika. Kuanzia hapo kila kitu ni vipimo.

Fundi asiye na kalipa bado anaweza kupima vizuri. Anakata utepe wa karatasi nyembamba, anauzungusha katikati ya usukani mpaka ncha zipandane, anatoboa zote mbili kwa sindano, kisha anaunyoosha utepe kwenye rula. Umbali kati ya matundu ukiwa karibu milimita 70, usukani una kipenyo cha 22.2, kama wa kinga za watoto za kurukia na zile nyingi za chuma za zamani. Ukiwa 80, ni 25.4, kipimo cha kinga nyingi za milimani. Karibu 82 ni 26.0, wa kinga za mashindano. Na 100 kamili ni 31.8, wa kinga za kisasa zaidi. Tazama hizo 80 na 82: tofauti haizidi upana wa kichwa cha kiberiti, na kwenye usukani wenyewe jicho haliioni kabisa. Ndiyo inayoleta ajali, kwa sababu usukani wa 26.0 unaingia kwenye mdomo wa shingo wa 25.4, pale panapoubana usukani, mdomo huo ukipanuliwa kwa bisibisi. Unaingia, unakazwa, unaonekana umeshika. Lakini mdomo uliopanuliwa hivyo unaanza kupasuka upande wa nyuma, mkabala na ule mwanya wake unaokazwa na bolti, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Ukimwona fundi akichomeka bisibisi kwenye mwanya ili usukani upite, mwambie kwa heshima, "Fundi, acha, nitatafuta shingo nyingine," hata kama umeshamlipa.

Kinyume chake kinarekebishika. Usukani mwembamba kwenye mdomo mpana unajaziwa bati, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Wa 25.4 ndani ya mdomo wa 26.0 unataka bati la unene wa milimita 0.3, la kipande kimoja. Bati la kopo la soda ni jembamba mno, na wanaolikunja mara tatu wanasahau kwamba tabaka zake huteleza zenyewe kwa zenyewe. Bati zuri lina upana wa mdomo mzima, linauzunguka usukani bila ncha zake kupandana, na pale ncha zinapokaribiana panaelekea kwenye mwanya wa mdomo. Usukani wa 22.2 kwenye mdomo wa 25.4 hautaki bati tena. Unataka kipande cha bomba lenye ukuta wa milimita 1.6, kilichopasuliwa kwa urefu wake. Mpira wa tairi kuukuu usiukubali hata siku moja.

Kazi ikiisha, tazama ule mwanya. Bolti ikishakazwa, lazima mwanya ubaki wazi, na uwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Midomo ikigusana, nguvu yote ya bolti inaishia kwenye midomo yenyewe na usukani haushikwi na chochote. Ikibana upande mmoja na kuachia mwingine, bati limekaa vibaya.

Halafu mwambie fundi, "Hebu utoe nje niuone mguu." Mguu wa shingo, ule unaozama kwenye bomba la uma wa mbele, kwa kawaida una milimita 22.2, lakini zipo shingo zenye 21.1 kutoka kinga fulani zilizoundwa kwa soko la Marekani. Ndani ya bomba pana, mguu huo unashikwa chini tu, kwenye kabari, na huku juu unatikisika. Huo ni wa kukataa. Mguu unaofaa unateleza ndani kwa mkono, ukiwa umepakwa grisi, bila kucheza. Uzame mpaka alama yake ya mwisho ifichike, na kama alama imefutika, usikubali chini ya sentimita 6 na nusu. Sababu ni hii: juu kabisa bomba la uma limechongwa nyuzi za nati, na nyuzi zimelipunguzia unene. Kabari ikikazwa hapo inalivimbisha na kulipasua. Inatakiwa ikae chini ya nyuzi.

Mpanda kinga wa Uvira ana sababu ya kuwa mkali kuliko wengine. Gunia la muhogo kutoka uwanda wa Ruzizi linakaa nyuma, gurudumu la mbele linabaki jepesi, na kila shimo la barabara ya Sange linarudi mikononi. Usukani mpana unaiongezea mikono nguvu ya kupindua, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye kile kimdomo kidogo. Kwa hiyo jaribu kabla ya kupakia: bana gurudumu la mbele kwa magoti, upindue usukani kwa nguvu za kawaida, kisha ulalie mikono yake kwa uzito wako wote. Usisogee, wala usilie. Uzungushe kulia na kushoto hadi mwisho uone kama nyaya za breki hazivutiki. Piga mstari wa rangi ya kucha unaovuka usukani na shingo, na baada ya safari ya kwanza yenye mzigo uangalie kama bado umenyooka.

La mwisho ni kuhusu aluminiamu. Chuma kikizidiwa mara nyingi hupinda kwanza, kinakupa nafasi ya kushuka. Aluminiamu huweza kuvunjika ghafla, na mara nyingi huvunjikia pale pembeni mwa mdomo wa shingo. Usukani wa mtumba wa aluminiamu wenye mkwaruzo wa mviringo mahali hapo, hata ukipewa bure, mrudishie mwenyewe na umwonyeshe ule mkwaruzo, asije akampa mwingine.