Kununua au Kuunda: Miaka Arobaini ya Frigeti za Australia

Mwezi Aprili 2014, manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilisimamisha jahazi kiasi cha maili 27 za baharini mashariki mwa Mombasa. Askari walipopanda na kupekua shehena, walikuta kilo 1,032 za heroini zimefichwa katikati ya mifuko ya saruji. Habari ile ilisambaa pwani nzima, na watu wakazungumza juu ya unga. Mimi nataka kuizungumzia meli.

Wakati huo Darwin ilikuwa imetimiza karibu miaka 30 kazini, na haikuundwa Australia. Iliundwa Seattle, Marekani, katika kiwanda cha Todd, na Australia ikainunua pamoja na nyingine tatu za aina hiyo. Mbili za mwisho katika kundi hilo la meli sita, HMAS Melbourne na HMAS Newcastle, ziliundwa nyumbani, kwenye kiwanda cha Williamstown kilicho ng'ambo ya ghuba ya jiji la Melbourne. Mchoro ulikuwa mmoja na mteja mmoja, ila mafundi walikuwa wa nchi mbili. Ni nadra kuupata ulinganisho safi namna hii katika mjadala wa kununua au kuunda manowari, mjadala ambao kwa kawaida hujaa siasa hadi hesabu zikafunikwa.

Mkuku wa Darwin ulilazwa Julai 1981, na Julai 1984 meli ikaingia rasmi jeshini. Hiyo ni miaka mitatu. Wa Melbourne ulilazwa Julai 1985, na meli ikapokewa Februari 1992, yaani zaidi ya miaka sita na nusu baadaye.

Mtu anaweza kufanya haraka akasema mafundi wa Seattle walikuwa hodari kuliko wa Williamstown. Sababu haikuwa hiyo. Jeshi la Majini la Marekani liliagiza frigeti 51 za aina ile, na Todd ilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyogawana kazi. Mchomeleaji wa Seattle aliyeshika kipande cha Darwin alikwisha kukichomelea kipande kama hicho mara nyingi, anajua kona gani inakataa kukaa sawa na bomba gani hugombana na waya. Williamstown ilikuwa kiwanda cha serikali chenye migogoro mirefu kati ya vyama vingi vya wafanyakazi kuhusu nani aruhusiwe kushika kazi ipi, na oda yenyewe ilikuwa meli mbili tu. Sehemu kubwa ya gharama ya kuunda meli ni saa za watu, na saa hizo hupungua kwa kurudia. Anayeunda mbili hulipa ada ya kujifunza, na kabla hajaanza kufaidi elimu hiyo kazi imekwisha.

Australia ilijifunza, na ilijifunza vizuri. Mwaka 1988 serikali iliuza kiwanda cha Williamstown kwa kampuni binafsi, na vyama na taratibu za kazi vikapangwa upya. Novemba 1989 ukatiwa saini mkataba wa frigeti kumi za aina ya Anzac: nane za Australia, mbili za New Zealand. Mchoro ulinunuliwa Ujerumani kwa Blohm+Voss, wale wenye familia ya meli za MEKO. Bei ilifungwa tangu mwanzo. Vipande vikubwa viliundwa sehemu mbalimbali, hata Whangarei huko New Zealand, vikaletwa Williamstown kuunganishwa. Meli ya kwanza iliingia jeshini Mei 1996, ya mwisho, HMAS Perth, Agosti 2006. Miaka kumi, meli kumi. Mradi huo hadi leo unatajwa kuwa ndio uliofanikiwa kuliko yote katika uundaji wa manowari Australia, na nauona umestahili sifa hiyo.

Lakini bei ile ilikuwa na siri yake. Anzac zilitoka kiwandani na silaha chache: mzinga mmoja, mirija minane ya kurushia makombora, na nafasi tupu zilizoachwa kwa ajili ya vitu vitakavyonunuliwa baadaye. Meli ilikuwa rahisi kuunda kwa sababu sehemu ngumu ziliahirishwa. Simlaumu aliyeamua hivyo. Kuahirisha kulikipa kiwanda muda wa kujifunza chuma kabla ya kujifunza umeme. Ila anayelinganisha bei ya Anzac na ya frigeti iliyokamilika silaha zake zote analinganisha vitu viwili visivyolingana, na makosa hayo huonekana karibu kila mara bei za manowari zinapotajwa magazetini.

Kisha kazi ikakauka. Baada ya Perth hakukuwa na frigeti nyingine iliyosubiri, na mafundi walitawanyika. Waaustralia wanalo jina la kipindi kama hicho, wanakiita bonde la mauti, na ni jina linalostahili. Mwaka 2007 serikali ilipochagua mchoro wa Navantia ya Hispania kwa ajili ya meli tatu kubwa za aina ya Hobart, kazi ya kuunganisha ilipelekwa Osborne, Australia Kusini, kwenye kiwanda kilichokuwa kimeunda nyambizi lakini hakijawahi kuunda manowari ya juu ya maji. Mwaka 2010 kipande kimoja cha mkuku kilichoundwa Williamstown kiligunduliwa kimepinda, hakilingani na vipimo. Michoro iliyotoka Hispania ilikuwa na marekebisho mengi, na kila rekebisho lilifuatwa na kazi ya kubomoa na kurudia. Hobart iliingia jeshini Septemba 2017, miaka kadhaa nyuma ya ratiba, na gharama ya meli tatu ikafika kiasi cha dola bilioni 9 za Australia.

Mwaka 2015 taasisi ya RAND ya Marekani, iliyoombwa na serikali ya Australia kuchunguza jambo hili, ilikadiria kwamba kuunda manowari Australia kunagharimu asilimia 30 hadi 40 zaidi kuliko kuziunda nje. Hiyo ndiyo takwimu inayonukuliwa sana na wanaotaka kununua. Wanaoinukuu mara nyingi huiacha nusu ya pili ya matokeo yaleyale, kwamba nyongeza hiyo inaweza kupungua sana iwapo kiwanda kitapata kazi mfululizo na mchoro ukamilike kabla ya chuma kukatwa. Nyongeza hiyo, kwa hiyo, ni gharama ya kukifungua na kukifunga kiwanda kila baada ya miaka kumi. Nchi ikiwa haitaki kuendelea kuunda, haina sababu ya kuilipa.

Je, inanunua nini kwa asilimia hizo? Jibu bora ninalolijua ni rada. Kampuni ya CEA ya Canberra ilibuni rada ya kisasa iitwayo CEAFAR, ikafungwa kwanza kwenye HMAS Perth mwaka 2011, kisha kwenye Anzac zote nane. Meli zilizotoka kiwandani zikiwa dhaifu mbele ya makombora zikapata macho ambayo mataifa makubwa yaliyatazama kwa heshima. Kazi ile iliwezekana kwa sababu nchini kulikuwa na wahandisi waliozijua Anzac hadi msumari wa mwisho, na michoro waliyoruhusiwa kuifungua. New Zealand, yenye meli mbili pacha za zilezile, ilipotaka kuziboresha zake ilibidi Te Kaha na Te Mana zivuke bahari ya Pasifiki hadi magharibi ya Kanada, na kila moja ikakaa huko kwa muda mrefu. Kwa nchi yenye frigeti mbili, moja ikiwa kiwandani ng'ambo, jeshi limebaki na nusu.

Na matengenezo ndiyo yanayokula fedha. Ofisi ya Bunge la Kanada inayofuatilia bajeti ilikadiria mwaka 2022 kwamba frigeti 15 ambazo nchi hiyo inaziunda Halifax zitagharimu dola bilioni 84.5 za Kanada kuzipata, na dola bilioni 306 kwa maisha yao yote. Ile bei inayotangazwa siku ya kutia saini haifiki theluthi moja ya mzigo. Anayenunua bila kujua atatengenezea wapi amejadili sehemu ndogo tu ya fedha zake. Na kabla hata ya matengenezo, kuna hatari ya meli kuwa mikononi mwa mwingine. Kenya iliagiza KNS Jasiri kutoka Hispania mwaka 2003, na kwa sababu ya mgogoro wa mkataba meli ikafika Mombasa mwaka 2012. Jasiri si frigeti, ni meli ya doria, lakini nchi ililipia na kungoja miaka tisa.

Turudi Australia, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu. Juni 2018 serikali ilichagua mchoro wa Kiingereza wa Type 26 kwa ajili ya frigeti tisa za aina ya Hunter, kwa makadirio ya dola bilioni 35 za Australia. Mchoro ulichukuliwa ukiwa bado haujawa meli. Hata Waingereza wenyewe walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuunda ya kwanza. Juu ya hapo, Australia ikataka mfumo wa mapigano wa Aegis wa Marekani na rada yake ya CEA. Rada ileile iliyokuwa fahari ya Anzac sasa ikadai umeme zaidi, upoozaji zaidi, mlingoti mzito zaidi. Uzito ukapanda, na uzito unapopanda juu ya meli kila hesabu chini yake hurudiwa: uthabiti, kasi, mafuta. Mwaka 2023 Ofisi ya Mkaguzi Mkuu ya Australia ilikosoa jinsi meli hiyo ilivyochaguliwa bila kupimwa ipasavyo kama fedha zingepata thamani yake. Februari 2024 meli tisa zikakatwa kuwa sita.

Wamarekani walipita njia hiyohiyo na wakaanguka vibaya zaidi. Mwaka 2020 waliipa Fincantieri mkataba wa frigeti za aina ya Constellation, kwa msingi wa FREMM, meli ya Kiitaliano iliyokwisha kuthibitishwa baharini. Lengo lilikuwa asilimia 85 ya mchoro ibaki kama ilivyo. Jeshi likaomba hiki na kile, kila ombi likiwa na sababu yake, hadi sehemu inayofanana ikashuka chini ya asilimia 15. Uundaji ulianza Agosti 2022 huko Wisconsin wakati mchoro haujakamilika, na uzito ukazidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Meli ya kwanza ikasogezwa kutoka 2026 hadi 2029. Novemba 2025 Waziri wa Jeshi la Majini, John Phelan, alitangaza kuufuta mradi, isipokuwa meli mbili zilizokwisha kuanzwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaouweka mjadala huu kama uchaguzi kati ya kiwanda cha nje na cha nyumbani. Fincantieri ilijua kuunda FREMM. Kilichoshindikana ni mteja aliyelipia meli iliyothibitishwa, kisha akaondoa kila kitu kilichoifanya ithibitishwe. Mteja huyo angenunua Italia, Korea au mwezini, angepata matokeo yaleyale.

Kwa hiyo nilisoma kwa makini tangazo la Agosti 5, 2025, siku ambayo Waziri wa Ulinzi Richard Marles alisema Australia imechagua toleo lililoboreshwa la Mogami, frigeti ya Mitsubishi Heavy Industries ya Japani. Mpango ni meli 11, na dola bilioni 10 za Australia zimetengwa kwa miaka kumi. Tatu za kwanza zitaundwa Japani, ya kwanza ikitarajiwa kukabidhiwa 2029. Nyingine nane zimekusudiwa Henderson, Australia Magharibi. Mogami inaendeshwa na mabaharia 90 hivi, karibu nusu ya wale wa Anzac, na kwa jeshi linalohangaika kupata vijana wa kwenda baharini, hilo peke yake ni akiba ya miaka thelathini. Zaidi ya yote, serikali ilisema itaichukua meli kama ilivyo, na mabadiliko yawe machache kabisa. Hata rada ya CEA haikulazimishwa humo. Uamuzi huo lazima uliwauma wengi Canberra, na ndio unaonipa imani kuliko mengine yote katika tangazo lile.

Japani imekuwa ikizindua karibu Mogami mbili kwa mwaka. Meli tatu za kwanza zitatoka kwenye mikono iliyozoea, kama Darwin ilivyotoka Seattle. Naona Australia imefanya vyema kuzinunua, na ingefanya vyema kununua hata ya nne na ya tano kama Henderson haitakuwa tayari. Hofu yangu iko hapo. Henderson imezoea meli ndogo na matengenezo, na inahitaji chelezo, karakana na maelfu ya saa za mafunzo kabla ya kugusa frigeti. Serikali ikiipeleka meli ya nne huko kwa sababu tarehe ya uchaguzi imekaribia, badala ya kwa sababu mafundi wamekwisha kukaa Nagasaki na kuiunda ya tatu kwa mikono yao, itakuwa imenunua Melbourne ya 1985 kwa bei ya leo.