Bango la Shujaa na Ubao wa Chaki: Mfano wa Majoreni

Wahakiki wetu wamezoea kuyahesabu mabango ya sinema kuwa vitu vya biashara tu, visivyostahili kuhakikiwa. Makala haya yanaupinga msimamo huo. Bango ni matini fupi yenye fani na maudhui, nalo hufichua uwezo wa ufundi wa wakati wake pamoja na hadhira inayokusudiwa.

Tuwachukue kwanza mashujaa wa Kimarekani wenye nguvu zipitazo za binadamu. Katika Superman ya 1978, mwigizaji alirushwa kwa nyaya, huku picha za mandhari zikimulikwa juu ya pazia lililokuwa nyuma yake. Ufundi huo ulikuwa mgumu, na haikuwa hakika kwamba ungeaminiwa; ndiyo maana tangazo la sinema hiyo liliwaahidi watazamaji kuwa wataamini mtu aweza kuruka. Bango mashuhuri la Batman ya 1989 lilionyesha nembo ya popo na tarehe tu, kwa kuwa hadhira ilikwisha kumjua mhusika. Leo kompyuta imeufanya muujiza kuwa jambo la kawaida, na bango limehamia kwenye nyuso. Lile la Avengers: Endgame (2019) lilipotolewa mara ya kwanza lilikuwa na uso wa Danai Gurira, mwenye asili ya Zimbabwe, lakini jina lake halikuwamo katika orodha ya juu. Watazamaji walilalamika, likarekebishwa.

Mashujaa hao hao wakifika Majoreni, bango lao huachwa njiani. Zamani kaseti ya video ilikuja na jalada lenye picha, na jalada hilo liliweza kubandikwa mlangoni. Siku hizi picha hunakiliwa kwenye flashi, nayo flashi haina jalada. Kwa hiyo katika kibanda cha video nilichokizuru huko palikuwa na ubao mweusi tu: saa ya mpira, kisha SPAIDAMANI, jina lililoendelezwa kama litamkwavyo, na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko zote, DJ AFRO. Jina la mwigizaji halikuwamo.

Msomaji mgeni atadhani kwamba mwenye kibanda amesahau. La hasha. Anachokiuza ni sauti inayoifasiri na kuisimulia picha kwa Kiswahili, ikitia mzaha na kumbandika adui jina la mtaani. Huko Dar es Salaam, Lufufu naye alijulikana kwa kazi ya namna hiyo. Ubao wa chaki, basi, unamtaja mtunzi ambaye bango la karatasi halimjui kabisa, na kwa maoni yangu unasema kweli zaidi kuliko hilo la karatasi.

Hata hivyo msimulizi huyo si mkalimani asiye na upande. Kiswahili chake ni cha mitaa ya Nairobi. Mtoto wa Majoreni, ambaye nyumbani husema Kivumba au Kidigo, hujifunza kumcheka adui kwa lafudhi ya mbali, na lahaja ambayo tayari wasemaji wake ni wachache haina nafasi katika mzaha huo. Wanaisimu wetu wamekwenda pwani ya kusini kuandika msamiati wa uvuvi. Sijaona aliyekwenda kunakili mbao hizi. Ile niliyoiona ilifutwa alasiri hiyo hiyo, ikaandikwa picha nyingine.